Ehem ya Laki Sita

Wanafunzi wa kidato cha pili B waliniita Ticha Ehem. Si mbele yangu, bila shaka. Nililigundua jina hilo siku nilipoingia darasani mapema kuliko walivyotegemea, nikamkuta mmoja wao amesimama ubaoni na chaki mkononi akiniiga: hatua mbili, ehem, "fungueni ukurasa wa arobaini", ehem, ehem. Aliniiga vizuri. Hata ile ehem ya mwisho, fupi, ya kumalizia, aliipatia.

Sikuwa na mafua wala kikohozi cha kutoa makohozi. Nilikuwa na kitu kooni, kama ganda la haragwe lililogoma kushuka. Nikilikwangua linaondoka, nikifungua mdomo kusema limerudi. Asubuhi sauti ilitoka nzito kama ya mtu aliyekesha uwanjani akishangilia, ikaja kukaa sawa saa nne, kengele ya mapumziko inapogongwa. Kiungulia sikuwa nacho hata siku moja. Ndiyo maana ilichukua miezi minane kabla mtu hajaniambia kwamba vitu vya tumboni vinaweza kupanda hadi kooni, usiku na mchana, bila kuunguza kifua vinapopita.

Miezi hiyo minane ilinila shilingi 612,400. Najua kwa sababu mke wangu ni karani wa hesabu, na nyumbani kwetu hela isiyo na risiti ni hela iliyoibiwa. Bima sina, shule ninayofundisha ni ya binafsi na suala la bima "linashughulikiwa" tangu niajiriwe. Kwa hiyo kila shilingi ilitoka mfukoni, na leo ninaweza kusema ipi ilinunua kitu na ipi ilipotea. Bei nitakazotaja ni za Dar es Salaam, nilizolipa mwenyewe au kutajiwa dirishani. Zako zinaweza kupanda au kushuka, lakini kipi kitangulie kipi kifuate, hapo sidhani tutatofautiana.

Risiti ya kwanza ni ya duka la dawa la mtaani kwetu Tabata. Nilisema "koo", na kabla sijaendelea dada alikwishanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akatoa azuma, vidonge vitatu, 4,000. Baada ya wiki tatu nilirudi, akatoa azuma tena. Dawa za maji za kikohozi nilikunywa chupa tano, jumla 30,000. Setrizini ya aleji, 3,000. Simlaumu sana dada yule. Anayekuja na koo anataka kuondoka na kidonge, na mimi nilitaka. Lakini azuma inaua bakteria, na koo langu halikuwa na bakteria wa kuuawa.

Ikafuata picha ya kifua, 25,000. Wazo lilikuwa sahihi, mahali ndipo nilikosea. Kwetu kikohozi kikifika wiki mbili, swali la kwanza ni kifua kikuu, na kipimo cha makohozi ni bure katika vituo vya serikali. Mimi niliona haya kukutana na mzazi wa mwanafunzi kwenye foleni ile, nikaenda kulipia haya yangu.

Kuna swali jingine lisilogharimu hata senti: unakunywa dawa gani ya presha? Mwalimu mwenzangu wa Jiografia alikuwa anakohoa kikavu mwaka mzima, akishindana nami chumba cha walimu. Yake ilikuwa enalaprili. Dawa za familia hiyo, pamoja na kaptoprili na lisinoprili, zinajulikana kwa kuleta kikohozi cha namna hiyo kwa baadhi ya watu. Daktari wake alimbadilishia dawa, na baada ya wiki chache nikabaki nakohoa peke yangu. (Usiache dawa ya presha kwa kunisoma mimi, kamuulize aliyekuandikia.)

Zahanati ya binafsi iliyo barabarani ilinipima nilichokuwa nacho na nisichokuwa nacho: damu, taifodi, malaria, halafu pailori, yule bakteria wa tumboni. Pamoja na kumuona daktari, 83,000. Pailori ikaonekana. Nikapewa dozi ya wiki mbili ya 65,000, vidonge vingi kiasi kwamba asubuhi nilikuwa nashiba kabla ya chai. Hakuna aliyeniambia kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanatembea na bakteria huyo, hivyo kumkuta ndani ya mtu mwenye ehem ni kama kumkuta na simu mfukoni. Ana madhara yake, anasababisha vidonda vya tumbo, na kumtibu si dhambi. Ila ganda langu la haragwe halikutikisika. Ukipima, dai kipimo cha choo, si kile cha tone la damu: cha damu huendelea kusema "yupo" muda mrefu baada ya bakteria kufa, na watu hurudia dozi kwa ajili ya mzimu. Na kama unatumia omeprazole, ile dawa ya kupunguza tindikali, iache wiki mbili kabla ya kipimo cha choo, la sivyo kinaweza kukudanganya kwamba hayupo.

Kisha ikaja risiti kubwa. Hospitali nyingine, mpira wenye kamera kupitia mdomoni hadi tumboni, 280,000. Majibu: umio safi, tumbo lina wekundu kidogo, mlango wa tumbo unafunga vizuri. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili, ehem.

Nitakaa kidogo hapa, maana hapa ndipo hela yangu nyingi ilipozama, na ndipo nadhani wasomaji wengi watazamisha zao.

Umio, ule mrija unaoshusha chakula, umeumbwa kuvumilia. Tindikali ikipanda, umio huirudisha chini kwa kuminya, na mate huja nyuma kuosha. Koo na zoloto, pale sauti inapotengenezwa, havina kinga hiyo. Kiasi kidogo ambacho umio haukijali kinaweza kuliwasha koo. Na si tindikali peke yake. Inapanda na pepsini, kimeng'enya cha kuchambua nyama, ambacho hubaki kimenata kwenye ngozi ya koo. Pepsini hulala pale tindikali inapopungua lakini haifi; ukiimwagia kitu kikali, inaamka. Fikiria basi tiba yangu ya nyumbani ya miezi yote hiyo: ndimu, asali na tangawizi, glasi ya moto kila usiku, nikisikilizia inavyochoma na kusema "inafanya kazi".

Jamie Koufman, daktari wa koo wa Marekani, ndiye aliyeusukuma ugonjwa huu mbele ya wenzake kwa andiko lake refu la mwaka 1991, akiutenganisha na kiungulia cha kawaida: wengi wa wagonjwa wake hawakuwa na kiungulia, na walikuwa wakicheua mchana wamesimama kama walivyocheua usiku wamelala. Ndiyo maana ya kuitwa rifluksi ya kimya. Na ndiyo maana mpira wa tumboni mara nyingi hutoka na majibu mazuri kwa watu kama mimi. Unaangalia barabara, wakati uharibifu uko getini.

Kamera ya koo ni kitu kingine kabisa. Ni nyembamba kama waya wa chaja, inapitishwa puani, umekaa kwenye kiti, umeamka, dakika chache. Bingwa wa masikio, pua na koo alinipulizia dawa ya ganzi yenye ladha ya ndizi mbovu, akaniambia, "Mwalimu, sema iiii." Kwenye skrini nikaziona nyuzi zangu za sauti zikikutana na kuachana, nyeupe, nzuri kuliko nilivyostahili, lakini nyuma yake, pale zoloto linapopakana na mlango wa umio, nyama ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na utando wa makohozi umetandazwa kama uzi wa bamia. Kumuona, 40,000. Kamera, 90,000. Jumla 130,000, chini ya nusu ya mpira wa tumboni, na ndiyo hela ya kwanza kati ya zote iliyoniambia kitu nisichokijua.

Sisemi kamera ya koo inathibitisha rifluksi. Haithibitishi. Wekundu na uvimbe ule huletwa pia na aleji, sigara, kupaza sauti katika darasa lenye watu sabini, na kukwangua koo kwenyewe: unakwangua kwa sababu kumevimba, kunavimba kwa sababu unakwangua. Bingwa wangu alilisema hilo waziwazi, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Thamani ya kamera iko kwenye yale inayoyaondoa mezani.

Jirani yangu ni MC wa harusi. Tulianza ehem mwaka mmoja, tukawa tunaitana ukutani. Yeye ana bima kupitia kazi ya mkewe, kwa hiyo kila kitu kwake kilipita kwa kadi: omeprazole mwaka mzima, dawa za maji, mpira wa tumboni mara mbili. Na historia yake ilinyooka kuliko yangu. MC anakula biriani saa sita usiku baada ya keki kukatwa, anashushia soda baridi, saa nane yuko kitandani. Kila daktari alimwangalia akasema tindikali. Nilimsukuma aende kwenye kamera ya koo, akaniambia, "Mwalimu, mimi tatizo langu linajulikana." Alipokwenda, kwenye uzi wake wa kushoto wa sauti kulikuwa na kijinyama. Si saratani, kilipimwa. Lakini omeprazole isingekiondoa hata angeinywa hadi wajukuu waolewe.

Chama cha mabingwa wa koo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, kinasema mtu aliyekwaruzwa sauti asipewe dawa ya rifluksi kwa dalili peke yake kabla zoloto halijaangaliwa, na sauti isiyorudi ndani ya wiki nne iangaliwe. Kama una hela ya jambo moja tu, basi ni hili. Na zipo dalili ambazo hazisubiri wiki nne: chakula kukwama kinaposhuka, kupungua uzito bila kupunguza kula, damu, uvimbe shingoni, sikio kuuma upande mmoja. Kwa chakula kukwama, mpira wa tumboni ule nilioulalamikia ndio unaotakiwa, na haraka. Tunaishi kwenye ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kwa mtu huyo 280,000 si ghali.

Kipo kipimo kinachokaribia kuthibitisha. Ni waya mwembamba unaopitishwa puani na kuachwa saa 24, una vihisio kuanzia kooni kwenda chini, na kisanduku kiunoni kinachoandika kila kinachopanda, kikali au kisicho kikali. Mabingwa wa kimataifa, katika makubaliano yanayoitwa ya Dubai, walikitumia hicho kuueleza ugonjwa wenyewe: kitu kikipanda hadi kooni zaidi ya mara moja ndani ya saa hizo 24, ndiyo rifluksi ya koo. Nilipiga simu hospitali nne za Dar. Tatu walisema hawana. Ya nne dada wa mapokezi aliniambia nijaribu Nairobi au India, akanitajia makadirio kwa dola. Nikamshukuru, nikakata simu. Kwa anayefikiria kufanyiwa upasuaji wa kukaza mlango wa tumbo, kipimo cha namna hiyo mara nyingi hutakiwa kwanza. Mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa 2022 unakwenda mbali zaidi, unataka mwenye dalili za koo bila kiungulia apimwe kwanza kabla ya kuanzishiwa dawa. Ni ushauri mzuri kwa nchi yenye waya. Kwetu wengi watajaribu dawa kwanza, na swali linakuwa jinsi ya kujaribu bila kunyonywa.

Kabla ya dawa, chukua karatasi. Koufman na wenzake walichapisha mwaka 2002 maswali tisa, kila moja unalipa alama 0 hadi 5: sauti kukwaruza, kukwangua koo, makohozi mengi kooni, shida ya kumeza, kukohoa baada ya kula au kulala, kupaliwa au pumzi kubana, kikohozi cha kukera, hisia ya kitu kilichokwama, na kiungulia au kuvurugika tumbo. Ikizidi 13, wanaitilia shaka rifluksi. Mimi nilipata 24, nikaziandika nyuma ya karatasi ya mtihani iliyobaki. Karatasi hiyo haitambui ugonjwa, maana kijinyama cha MC nacho kingepata alama zake. Lakini baada ya miezi miwili utataka kujua kama umepona au umezoea, na kumbukumbu ni shahidi wa hovyo.

Sasa dawa. Risiti yangu ya 78,400 ni ya esomeprazole ya kutoka nje, vidonge 28 kwa 2,800 kila kimoja, niliyoinunua kwa sababu boksi lilikuwa zuri na mfamasia alisema "hii ndiyo original, baba". Hadithi ya kidonge hicho inafaa kusikika. Omeprazole ilianza kuuzwa 1988 kwa jina la Losec. Hakimiliki yake ilipokaribia kwisha, kampuni ileile ikaleta Nexium, ambayo ni esomeprazole: molekuli ya omeprazole ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, wakachukua mmoja. Inafanya kazi. Kwa tumbo la kawaida tofauti yake na omeprazole ni ndogo mno kulingana na tofauti ya bei. Omeprazole ya miligramu 20 isiyo na jina kubwa, iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, nilikuja kuipata kwa 150 kwa kidonge. Mara mbili kwa siku kwa siku 60 ni 18,000. Ile ya boksi zuri kwa muda huohuo ingekuwa 336,000.

Na nilikuwa naimeza vibaya. Dawa hizi zinafunga pampu za tindikali wakati pampu zinapoamka kupokea chakula, kwa hiyo zinamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Mimi nilimeza baada ya chakula cha usiku, pamoja na maji ya kushushia. Vidonge 28 vya bei ya kuku, vyote vikafika wageni walipokwisha kuondoka.

Lakini hata ukimeza sawasawa, lazima ujue hili. Uingereza walifanya jaribio kubwa, likachapishwa 2021: watu 346 wenye koo kama langu, nusu wakapewa lansoprazole, ndugu wa omeprazole, ya miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa wiki 16, nusu vidonge visivyo na kitu. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliopewa dawa hawakuwazidi waliopewa vidonge vitupu. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo, nikiangalia boksi zuri. Huenda dawa inawafaa wachache ambao tindikali ndiyo kweli inayowasumbua, hasa wenye kiungulia pia. Lakini anayekuambia kwamba kupona kwako kwa omeprazole ndiyo ushahidi wa ugonjwa wako, muulize wale waliopona kwa unga mtupu walikuwa na nini.

Dawa nyingine hujenga kifuniko. Ni alginati, inayotoka kwenye mwani wa kahawia. Ikikutana na tindikali inakuwa utelezi unaoelea juu ya chakula kama mafuta juu ya mchuzi, ukizuia kisipande, pepsini ikiwemo. (Mwani wa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine, mwekundu, hutoa karajini. Niliuliza, nikitumaini shemeji yangu wa Unguja angeniletea wa bure.) Gaviscon ya maji ya mililita 300 niliinunua 34,000. Ukiinywa kama lebo inavyosema, mililita 10 mara nne kwa siku, chupa haimalizi siku nane. Mwezi ni zaidi ya 125,000. Nilipomwambia bingwa kwamba mshahara wangu hauelei hivyo, akasema anza na mililita 10 za mwisho kabisa kabla ya kulala, na baada yake usinywe hata maji. Chupa moja, mwezi mmoja. Ipo pia iitwayo Advance, yenye alginati mara mbili kwa kipimo kilekile. Kitu cha kuangalia ni lebo: rafu imejaa jeli nyeupe za 5,000 zinazofanana na hiyo kwa rangi na ladha, lakini ndani ni aluminiamu na magnesiamu tu. Hizo hupoza tindikali kwa muda mfupi, hazijengi kifuniko. Kama neno alginate halimo, hujanunua kifuniko. Na mwenye presha au figo asome kiasi cha sodiamu, au amuulize mfamasia.

Eno? Inakufanya ucheue kwa sauti, na kwa mwenye ugonjwa wa kucheua hilo si jambo la kununua.

Maji ya alkalaini yalinijia kwa jirani wa pili, yule anayeuza kila kitu kupitia mtandao wa watu, mashine ya mamilioni. Chanzo cha hadithi ni kazi ya maabara ya mwaka 2012, iliyoonyesha kwamba maji yenye pH 8.8 huua pepsini moja kwa moja. Ndani ya kioo. Hakuna aliyenieleza kama yanaendelea kuwa 8.8 yakishakutana na tumbo. Katika kliniki moja ya jimbo la New York waliwalinganisha wagonjwa waliopewa dawa na waliopewa mboga, nafaka, matunda na maji hayo. Wa chakula walipata nafuu asilimia 62.6, wa dawa 54.1. Hayakuwa majaribio ya kugawa wagonjwa kwa kura, ilikuwa ni kurudi nyuma kwenye mafaili, kwa hiyo nisiyabebeshe mzigo. Ila nikiamini nusu yake, ningeweka hela kwenye mchicha kabla ya mashine. Unga wa majani nilioununua 40,000 kwa kijana wa TikTok siuelezi. Ulikuwa mchungu, basi.

Kitanda ndicho kilichonishangaza. Mito miwili haisaidii, inakukunja tumbo katikati na kuminya zaidi. Kinachotakiwa ni kichwa cha kitanda chenyewe kupanda, inchi sita hadi nane. Duka la magodoro waliniambia watanikatia godoro la mshazari kwa 85,000. Fundi seremala wa mtaani alikata vipande viwili vya mninga uliobaki, akachimba tundu kila kimoja ili mguu wa kitanda usiteleze, 8,000. Usiku wa kwanza mke wangu alisema tumekuwa kama samaki kwenye kaango lililoinama. Asubuhi wote wawili tulikuwa tumejikusanya chini. Wiki ya pili tukazoea. Kulala ubavu wa kushoto ni bure, na tindikali hushuka haraka zaidi kuliko ukilala wa kulia.

Chakula cha usiku tulikihamisha kutoka saa tatu na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu, na hapo ndipo gharama isiyo na risiti ilipo. Baraza la kahawa nililiacha. Si kwa sababu kahawa chungu na kashata ni sumu, bali saa tatu usiku kwangu zilikuwa zinafungua mlango. Ramadhani ilikuwa ngumu zaidi: bagia na viazi vya ukwaju wakati wa futari, kisha daku saa kumi usiku na kurudi kulala nusu saa baadaye, tumbo limejaa. Mwaka huu daku nilikula kidogo, nikakaa kwenye kiti hadi alfajiri nikisahihisha madaftari. Walimu wenzangu walishangaa kasi yangu.

Bigijii isiyo ya minti, 100, baada ya mlo, huleta mate, na mate ndiyo sabuni ya umio. Darasani nilikataza bigijii miaka kumi na moja. Sasa natafuna mlangoni, nageuka, natema, naingia.

Na ehem yenyewe nilifundishwa kuimeza. Kila ikija, funda la maji badala ya kukwangua, na kama maji hayapo, meza mate kwa nguvu. Siku tatu za kwanza ni mateso, kama kuacha kujikuna upele.

Njia hii ya pili yote, bingwa, kamera, omeprazole ya siku 60, chupa mbili za Gaviscon na vipande vya mninga, iligharimu 224,000. Alama zangu zilishuka kutoka 24 hadi 9. Ni kipi kilichofanya kazi siwezi kuapa, na nimeshawaambia kuhusu vile vidonge vya unga. Kama ningelazimishwa kubakiza vitatu, ningebakiza kamera, kitanda na saa ya kula.

Omeprazole nilikuwa nimeiwekea tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani tangu siku ya kwanza, na naomba ufanye hivyo hata kama aliyekuandikia hakutaja. Ukiiacha ghafla, tumbo lililozuiwa hutoa tindikali kwa kisasi. Denmark waliwapa esomeprazole watu wazima wasio na ugonjwa wowote kwa wiki nane, wakawaachisha. Asilimia 44 walipata kiungulia au kucheua ambako hawakuwa nako. Ndivyo mtu anavyosema "nikiacha tu inarudi" na kumeza miaka mitano. Mimi nilishuka kidonge kimoja kwa siku wiki mbili, kisha siku moja naruka, na siku nane zilizofuata ndizo nilizopata kiungulia changu cha kwanza maishani. Nikanywa Gaviscon, nikasubiri. Kikapita.

MC alitolewa kijinyama majuzi. Ameambiwa asiseme neno kwa siku kadhaa, adhabu ambayo mkewe anaifurahia zaidi ya kadi ya bima. Jana usiku aligonga ukuta mara tatu, halafu ujumbe ukaingia kwenye simu: "Mwalimu, nina Gaviscon mbili za bima hazijafunguliwa. Sizihitaji tena. Nakuuzia nusu bei." Nikamwandikia anipigie picha ya lakiri na tarehe ya kuisha muda. Akapiga. Nikamwambia elfu ishirini zote mbili, na asijibu kwa sauti.